Dawa ya Tansio Ndani ya Furushi

Bujumbura, Jumamosi alasiri. Mvua imekatika, jua linawaka, na mimi situlii kwenye kiti.

Imeshuka!

Naanza na hilo kwa sababu siwezi kuanza na jingine. Tansio ya Mama, yaani presha ya damu, imeshuka, Alhamdulillahi, na Jumanne daktari wa macho atamfanyia operesheni. Niko kwenye chumba cha kompyuta karibu na soko, nawaandikia hapa mtandaoni. Kibodi ni ya Kifaransa, kwa hiyo makosa mtanisamehe. Bwana wa kompyuta ya pembeni anageuka kila nikicheka peke yangu. Ageuke tu.

Kwa asiyetujua, sisi ni watu wa mtaa wa Buyenzi tangu enzi za babu. Mimi ni mshonaji. Mama alikuwa anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni mpaka macho yake yalipofunikwa na mtoto wa jicho. Binti yangu Amina alizaliwa wakati bibi yake haoni tena, kwa hiyo Mama anamjua mjukuu kwa vidole. Kila asubuhi anampapasa pua na kusema kwamba siku akiona ataamua kama pua hiyo ni ya kwetu au ya ukoo wa mume wangu. Wakwe zangu, Mungu awape heri, hawakupewa pua ndogo.

Daktari alisema macho yanatibika. Lakini kila tulipokwenda walimpima tansio kwanza, na kila mara ilikuwa juu mno, wakakataa kumgusa. Nendeni, ameze dawa, mrudi. Tukaenda, tukarudi. Dawa nilikuwa nachukua mwenyewe, namkabidhi mkononi, na tansio haikusogea hata kidogo. Nikaanza kuamini tunapewa chaki.

Nikageukia chumvi. Nilimnyima ndagala, yeye aliyekula ndagala maisha yake yote, na mboga nikampikia karibu bila chumvi. Alikula akinung'unika kwamba nataka kumuua kwa njaa kabla tansio haijamfikia.

Jambo lenyewe lilijulikana jioni moja milio ya risasi ilipoanza kule milimani. Nyumba yetu, kama nyumba zote za mtaa, ina mafurushi karibu na mlango: kitambulisho, kitenge, sufuria ndogo, nguo za mtoto. Milio ikikaribia, unabeba na kukimbia. Basi tulikuwa tumekaa chini kwenye korido, Amina mapajani mwangu, nikamwona Mama anavuta furushi lake, anafungua mafundo kwa vidole, anatoa kidonge na kukimeza kwa funda la maji. Nikaingiza mkono ndani ya furushi. Paketi juu ya paketi, karibu zote hazijaguswa.

"Mama, hizi zote ni za nini?"

"Si dawa ya tansio? Masasi ndiyo inapandishaka tansio. Kama kuko kimya, nitameza ya nini? Na nikiimaliza, siku ya vita nitameza nini?"

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, akafunga furushi lake. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, risasi, hayo masasi yake, zinalia na mimi nacheka, halafu nikashikwa na hasira. Maana hospitali tulikuwa tunakwenda siku za kimya tu. Nani anatoka nyumbani siku ya risasi? Kila siku aliyopimwa ilikuwa siku ambayo hakumeza kitu.

Kumbe!

Nilimweleza Consolata, muuguzi wa dispansari yetu, anayetoka mtaa wa Musaga kila asubuhi barabara ikiwa wazi. Nilidhani atacheka. Alishusha pumzi tu. Akaniambia baba mkwe wake anafanya vilevile, na kina mama wa Mutakura, na watumishi wa serikali wenye diploma ukutani. Hata redio imekuwa ikisema: nchi nzima watu wazima wenye tansio wanazidi kuwa wengi, wengine hawajui kama wanayo, na wanaojua wanameza dawa siku kichwa kikiuma, kikipoa wanaacha. Mimi mwenyewe nimeisikia redio hiyo mara nyingi nikishona, nikaona inawasema watu wengine. Tumeuita ugonjwa wa vita, basi vita ikinyamaza tunajihesabu wazima.

Consolata hakuishia kulalamika. Alikuja nyumbani na mashine yake, wiki ambayo hatukusikia hata mlio mmoja, akampima Mama akiwa amekaa kwenye mkeka wake mwenyewe.

"Mama, wiki yote apana masasi, na tansio iko juu. Hii haisikiaki masasi. Iko tu mu mwili, hata ukilala."

Mama aliupapasa mkono uliopimwa. "Kumbe ni kaidi kama mi," akasema.

Alikubali kumeza kila siku, ila kwa sharti moja: dawa haziondoki kwenye furushi. Akikimbia, akimbie nazo. Hapo hakuna aliyemshinda, hata Consolata. Kwa hiyo kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri nafungua furushi, anameza, nafunga. Akimaliza anapapasa mafundo, na akikuta moja limelegea ananiambia nirudie. Mtoto analia, sare za shule za wateja zinangoja cherehani, na mimi niko magotini nafunga mafundo. Nimenung'unika sana. Mama manung'uniko hayasikii, anajua kutia pamba masikioni.

Basi leo. Consolata alijaza mashine upepo, akasikiliza, akakunja uso, akahamia mkono wa pili. Nilikaribia kumnyang'anya ile mashine nisikilize mwenyewe. Halafu akatabasamu.

"Imeshuka, Mama. Ça va kabisa."

Nilipiga vigelegele ndani ya dispansari! Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakanipokea bila kujua tunashangilia nini. Mama akaniambia nina kelele, ninamwaibisha, na huku mwenyewe anafuta machozi kwa pembe ya kitenge. Kutoka pale tukaenda moja kwa moja kwa daktari wa macho. Akampima tena, akaridhika, akasema Jumanne.

Nikiri pia, kwa sababu hapa ndipo mahali pa kukiri: naogopa. Naogopa milio isije ikaanza Jumatatu tukashindwa kuvuka mji. Nimeswali, na nitaswali tena. Lakini furaha imenijaa hata hofu inakosa pa kukaa.

Tuliporudi nyumbani nilikuta furushi la Mama liko wazi. Asubuhi nilikuwa na haraka, nikaliacha hivyohivyo. Nikapiga magoti haraka nilifunge kabla vidole vyake havijalifikia, lakini masikio yake ni makali.

"Acha," akasema. "Usifunge. Dawa weka karibu na sukari. Nikianza kuona, nitachukua mwenyewe."

Nikamuuliza, na tukikimbia je? Alinyoosha mkono.

"Na ile kitenge iko ndani, toa. Nitaivaa siku ya Jumanne. Sitaki mutoto anione mara ya kwanza na nguo ya jikoni."

Amina amemwona bibi yake tangu azaliwe, lakini nilikitoa.

Kitenge hicho ni kizuri kuliko vyote alivyo navyo. Kimekaa ndani ya furushi miaka yote hii kikingoja tukimbie, kinanuka dawa ya nondo, na mikunjo yake ni kama imeshonwa. Nimekianika kwenye kamba uani. Saa ya amri ya kutotoka nje inakaribia na mkaa sijawasha bado, kwa hiyo nafunga hapa. Naenda kukipiga pasi.