Tabasamu la Haruko Msibani

Mama,

Haruko ameondoka. Wamemfukuza. Nakwambia mapema kwa sababu najua ungeuliza habari zake kabla ya zangu.

Yule Mjapani wako, mwanafunzi wa chuo aliyekuja Mpanda kujifunza maisha ya wakulima, ukampa chumba na kuanza kumwita mwanangu, hakuwa na ubaya. Unakumbuka alivyoshangaa kila kitu. Kwamba majirani wanafika jikoni huku bado wanapiga hodi. Kwamba salamu zetu zinaulizia mpaka mbuzi. Alikuwa anavua viatu hata akiingia banda la kuku, na kushukuru kwa kila kijiko cha uji, mpaka ukamwambia, "Asante za nini kila saa, kwani wewe ni mgeni humu?"

Ulipougua alikupikia supu, akakulisha mwenyewe. Supu hiyo ndiyo waliyokuja kumhukumu nayo.

Siku ya kukuzika wanawake walilia mpaka sauti zikakauka. Haruko alisimama karibu na jeneza akitabasamu. Hakuwa na furaha, Mama. Midomo ilikuwa inatetemeka. Shangazi Getruda akamuuliza mbele ya watu ni kitu gani kinamfurahisha. Akajibu kwa adabu kwamba kwao mtu aliyefiwa hutabasamu, asije akawaongezea wengine uchungu. Mama mmoja akataka kujua kwao wanazikaje. Na yeye, si unamjua hajui kudanganya, akasema wanachoma mwili, halafu ndugu wanaokota mifupa kwa vijiti na kuiweka kwenye chungu.

Waliokaa naye mkekani wakasogea mbali. Shangazi akasema taratibu, "Basi huyu ndiye aliyemla wifi yangu, kwa ile supu yake."

Hakuna aliyebisha ila mimi. Niliposema ni malaria, na hospitali walituambia hivyo, Baba akaninyamazisha, eti mtoto hasemi msibani. Wakatupa nguo zake nje, kwenye matope. Haruko akawainamia, vile wanavyoinama kwao wakiomba radhi, nao wakacheka. Hao hao waliomkasirikia kwa kutabasamu, Mama, walicheka udongo wa kaburi lako ukiwa bado mbichi.

Nilimsindikiza stesheni. Tulipopita mtaa wa Kashaulili watoto walitufuata wakiimba mchawi, mchawi, na watu wazima walisimama kwenye milango ya maduka wakitazama. Akaniuliza, "Mama naye angenifukuza?" Nikasema hapana. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama wanavyolia wanawake wa kwetu, na treni ya Kaliua ikamchukua akiwa hivyo hivyo.

Shangazi amehamia kwetu. Analala chumbani kwako, anajifunga vitenge vyako, na Baba anamsifia ugali. Majirani wanaona ni sawa tu. Mimi nakula nikiwa nimewapa mgongo.

Pumzika, Mama. Siwezi kukudanganya kwamba tumepoa. Ila siku ya kujengea kaburi, katekista akiwaita watoto wa marehemu wasogee, nitasogea na kutaja majina mawili, langu na la Haruko, kwa sauti ya kufika mpaka alipokaa Shangazi. Wanipige wakitaka.

Mwanao,
Ester