Usimruhusu Kalista kwenda kule kisiwani

Mama Kalista, zile karatasi za kazi za mwanao usizitie saini. Nasema usitie! Soma kwanza.

Tumetoka ibada sasa hivi hapa Ruwi, huku kwa Waarabu ambako kanisa letu husali Ijumaa. Unajua Filomena alivyokuwa akitamba kwamba Anjelina wake ni mpishi makao makuu ya visiwa vyote vya kule mbali. Leo kapigiwa simu tukiwa bado uani kwa kanisa. Anjelina kafariki. Kidole tumbo tu, dada! Kidole tumbo!

Aliyepiga ni Mkenya, mwenzake wa jikoni. Filomena akamuuliza, "Kwani makao makuu yanakosaje daktari wa kupasua?" Akajibiwa, "Mama, huku kuna nesi mmoja. Meli ya kumpeleka hospitali ilikuwa bado siku tisa."

Siku tisa! Kumbe kisiwa chenyewe unakizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Ofisi ya gavana na duka moja, basi. Filomena alisikia makao makuu akadhani ni kama Dodoma. Na sisi tukamwonea wivu.

Wameshamzika, maana hakuna pa kuhifadhi maiti. Wametuma video. Kisiwa kizima kimekuja, hawafiki watu mia mbili, na gavana mwenyewe kabeba jeneza.

Filomena akauliza meli nyingine lini, maana hiyo ya siku tisa hataiwahi, akamwekee mwanawe msalaba. Akaambiwa wiki sita.

Sasa kakaa chini, kagoma kuingia kwenye gari. Kila anayemshika mkono, Filomena anamwambia hilo hilo: "Mimi ndiye niliyemwambia nenda."