Mgeni wa Ghorofani

Jumatano, 20 Septemba 1679

Evert karudi! Merikebu imetia nanga Izmiri mchana huu, milingoti mizima, mume wangu mzima, kakonda tu. Nimelia mbele ya mabaharia wote. Sijali.

Lakini Behzat hakushuka. Baba yake, Haji Nasuh, alikuwa gatini tangu asubuhi. Ndiye aliyetukodi kuleta mchele na kahawa yake kutoka Iskandaria, na mwanawe akampandisha humo humo, maana bendera ya Kiholanzi, wanasema, maharamia wa Kikristo hawaigusi. Evert kamwambia maharamia wamemchukua. Mzee aliketi juu ya gunia la mchele wake mwenyewe.

Alhamisi, 21 Septemba

Behzat yuko ghorofani kwetu!

Jana nilipishana naye mlangoni nikadhani baharia mgeni — ndevu kanyoa, suruali ya Evert inamvuka. Hata hamali wa baba yake hakumtambua.

Evert kanieleza tukimenya vitunguu. Maharamia waliwasimamisha karibu na kisiwa cha Rodi, wakitafuta Waislamu wa kuteka. Yeye akamvika Behzat nguo za kibaharia, akaapa kuwa wote ni watu wake. Wale hawakubishana. Walifungua pipa la nyama ya nguruwe ya chumvi, wakawapanga mstari, kila mtu na pande lake. Behzat akatafuna, akameza, akaomba maji. Wakamwacha.

Tangu hapo chakula hakimpiti. Na kamwapisha Evert: baba asijue. Heri aitwe mateka kuliko mla nguruwe. Nimesema huo ni upumbavu mtupu. Evert kasema ameshaapa, basi. Wanaume na viapo vyao!

Jumamosi, 23 Septemba

Soko zima linasema Evert kamuuza kijana wa watu. Muuza samaki kanigeuzia mgongo, mimi niliyezaliwa mtaa huu huu! Wafanyabiashara wawili wa Kituruki wameshusha pamba yao kutoka merikebuni kwetu. Wasipotupakilia wao, tutakula nini?

Nimempelekea Behzat supu. Nikamwambia mwenye dharura hana dhambi, hata mimi Mkristo nalijua hilo. Kasema sheria anaijua kuliko mimi.

"Dada, simwogopi Mungu kwa hili. Naogopa uso wa baba."

Nilimwonea huruma, na kibao nacho kilinijia mkononi. Supu kaacha nusu.

Jumatatu, 25 Septemba

Haji Nasuh yuko sebuleni. Naandika huku jikoni, mlango wazi, kahawa iko motoni. Nilidhani atakuja na askari — kaja peke yake, kwa mkongojo.

Evert kaanza kujitetea, mzee kamkatiza kwa upole. Hakuja kulaumu. Kesho anauza duka lake la sufu, apate fidia ya kumkomboa mwanawe. Duka zima! Kwa mateka aliyelala juu ya kitanda changu cha wageni!

Kisha mzee kasema kasikia kwa mabaharia habari za lile pipa. Anataka kujua jambo moja tu.

"Mwanangu alikataa kula, ndiyo maana wakamchukua?"

Evert anatazama buti zake.

"Nahodha, nimemlea vibaya," mzee kasema. "Nimemfundisha kuogopa haramu, sikumfundisha kwamba namtaka hai. Ningekuwapo ningemlisha kwa mkono wangu huu."

Ubao wa ghorofani umelia. Mzee kainua macho.

"Nani yuko juu?"

"Baharia wangu," kasema Evert. "Mgonjwa."

Mzee kamwombea mgonjwa afya, kashika mkongojo wake, anainuka aende zake. Behzat hashuki. Evert ananitazama kupitia mlangoni, anatikisa kichwa: la, la.

Kahawa inafurika. Naweka kalamu. Mimi sikuapa chochote.