Si Ugonjwa wa Ukoo Wetu

Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mnaendeleaje na baridi? Mguu wa Baba umepata nafuu? Huku joto linanichosha hata nikiwa nimekaa tu. Nilipolazwa nilikuwa nafumba macho nakuona Kaengesa, tunavuna ulezi na upepo unatukata masikio, tumejifunga vitenge viwili viwili, halafu jikoni kwako kuna migebuka ya Kipili na ugali mweusi wa moto. Felista akiniibia kichwa cha samaki, wewe ukijifanya hujaona.

Mama, barua yako imeniliza. Kumbe wale wa Matai wamesita kuja kumposa Felista, wamesikia nina saratani ya damu, ati ni ugonjwa wa ukoo wetu. Nawe umeanza kujilaumu, unamkumbuka marehemu mdogo wako aliyekuwa akitokwa damu puani.

Nilimwuliza daktari waziwazi, "Hiki kitu nimekirithi kwa mama?"

Akavuta kiti. Majibu ya kipimo cha uboho wa mifupa yangu yalikuwa yamerudi kutoka nje ya nchi.

"Ndani ya chembe zinazotengeneza damu kuna nyuzi nyembamba zinazobeba maagizo ya mwili," akasema. "Zako mbili zimekatika, vipande vikabadilishana mahali. Imetokea ukubwani, humo humo kwenye uboho. Hukuzaliwa nayo."

"Na mdogo wangu Felista? Na mwanangu Neema?"

"Hukuwapa wala hutawapa. Aina hii ni adimu, lakini ina vidonge vyake."

Wiki ya kwanza fizi zilivuja damu nikaona ndiyo basi. Mkweo, Baba Neema, ambaye tangu kiwanda chao kiuzwe anauza mitumba, alifunga kibanda akawa ananilisha uji. Sasa damu imekata, na kipimo cha juzi hakikuona chembe mbovu. Daktari hajasema nimepona. Dawa naendelea nazo.

Basi mchukue Mjomba mwende Matai mkawaeleze hivi hivi. Wakielewa, wakaribisheni. Wasipoelewa, waacheni. Felista hana ugonjwa, wala hana haraka.

Nisalimie Baba, Mjomba, na Shangazi mpika pombe. Mwambie bado naisikia harufu ya kimea chake. Wewe Mama, lala usingizi. Hukunikosea kitu.

Mwanao anayekukumbuka,
Oresta