Tunapiga Picha, Hatupigi Ndovu

Mamangu,

Shikamoo. Nakubusu mikono yote miwili, pamoja na ule ulionitikisia kidole mbele ya Saidi. Mguu wako vipi? Bado wauma ukikaa juu ya mbuzi kukuna nazi? Na kisima hapo Bofu, maji yamepungua chumvi au ni yale yale? Mimi sijambo, nala, nalala, homa imekwisha. Mwanasha dada yangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke maneno. Nimeyaandika kwa taabu, na darasa langu la pili unalijua.

Saidi, yule utingo wa lori linalotuletea mboga na mafuta ya taa huku kambini, amenifikishia maneno yako. Amesema umesikia napiga wanyama na Wazungu, nala nyamafu, na siku moja nitafungwa. Amesema Mjomba Bakari amenitafutia kazi ya kufunga kamba kwenye feri ya Likoni, na nisiporudi hunipi radhi. Hilo la mwisho limenikaa kifuani. Basi nakueleza jambo lote, kisha wewe utakata shauri.

Mama, Saidi hakusema uongo, ila alikata neno. Sisi huku tulikuwa tukisema "leo tumepiga ndovu", "jana tumepiga simba", na sote twajua ni picha. Wageni hawa hawaji na bunduki. Wanakuja na kamera, na wakimkuta mnyama amesimama vizuri wanafurahi kama watoto siku ya Idi. Mnyama mwenyewe anaendelea kula majani yake. Na nyama ninayokula ni mbuzi, anachinjwa na mpishi wetu Omari, mtu wa Kisauni, ambaye hata kitunguu hakikati bila bismillahi.

Lakini neno hilo hilo nusura lituletee balaa.

Kazi yangu ni kubeba sanduku la kamera na kuangalia. Unajua mimi si msemaji, hata harusini nilikuwa nakaa nyuma ya mlango. Huku hakuna anayetaka niseme. Wanataka niuone mkia wa chui unaoning'inia mtini, nami nawaonyesha kwa kidole, basi. Mgeni wetu wa sasa, tunamwita Bwana Miwani, amenifundisha kubonyeza kamera yake ya pili. Akitaka nibonyeze ananiambia "piga". Kiswahili chake ndicho hicho, na "maji moto".

Juzi tulikwenda kidimbwini, ndovu wanapokunywa maji. Tulikuwa Bwana Miwani, mimi, na Mzee Mwakio, askari wetu wa bunduki, Mtaita, aliyekuja kambini wiki hiyo hiyo. Bunduki yake ni ya kutulinda tu. Lakini umri wake wote ametumika na wawindaji, na kwa wawindaji piga ni piga. Tukashuka garini. Palikuwa na ndovu jike na mwanawe, bado mdogo, anajikwaa kwenye mkonga wake mwenyewe. Upepo ukageuka, yule jike akanusa harufu yetu. Akamsukuma mtoto nyuma ya miguu yake, akatandaza masikio, akaja kidogo, akasimama. Bwana Miwani akaninong'oneza, "Piga, piga." Nikainua kamera. Mara nikasikia chuma kimelia ubavuni kwangu. Kugeuka, Mzee Mwakio ameshaiweka bunduki begani, jicho moja amelifumba.

Wallahi Mama, sijui sauti ilitoka wapi. Kamera niliiacha ianguke mchangani, nikaushika mtutu, nikauteremsha.

"Mzee, usipige. Anataka picha. Picha."

Nikaiokota kamera, tukarudi kinyumenyume mpaka garini. Yule ndovu akatutimulia vumbi, kisha akamgeukia mwanawe wakaenda zao.

Garini Mzee Mwakio akaniambia, "Kijana, mimi nikiambiwa piga, napiga. Sikuajiriwa niulize piga nini."

Nikamjibu, "Basi tutafute neno jingine, Mzee, maana hili litaua mtu."

Akaanza kucheka, akacheka njia nzima. Tukakubaliana: bunduki inapiga, kamera inachukua. Bwana Miwani tumemfundisha, na kambi yote imeshika. Sasa ni "mchukue twiga", "mchukue kifaru". Kwa hivyo Saidi akija kukwambia Rashidi anachukua wanyama, usije ukadhani nimekuwa mwizi wa mbuzi za watu.

Mjomba Bakari, shikamoo, na ahsante kwa kunihangaikia. Nimeambiwa wasema Uhuru ukija Wazungu watakwenda, na kazi yangu itakwenda nao. Pengine. Lakini ndovu hawapandi meli. Watakaokuja kuwatazama, wawe Wazungu au sisi wenyewe, watataka mtu wa kuwaonyesha. Ile kazi ya feri mpe Athumani wa jirani, yeye anapenda maji na makelele. Mimi nimeanza kujifunza gari, na nikishalijua nataka niwapeleke wageni mwenyewe.

Mama, kwa hivyo sirudi. Nitakuja Idi inshallah, nikae nawe, nile wali wako wa nazi, kisha nije tena huku. Radhi zako nazitaka, na sitaki kuzipata kwa kukudanganya. Saidi akipita hapo mwambie kwa kinywa chako, aniletee. Ukininyima nitakaa vilevile, lakini kila nikiinua kamera mkono utakuwa mzito.

Nisalimie Bibi, mama yake baba, mwambie simba sijamkaribia kama anavyodhani. Msalimie shemeji, mume wa Mwanasha, na maalim wangu wa chuoni. Mwanasha, hayo ya radhi msomee Mama mara mbili.

Ni mimi mwanao, niliye huku na nitakayekuwa huku,
Rashidi