Mpira Kati ya Vigingi

Mjukuu wangu Keji,

Usicheke: nina miaka kumi na saba, lakini kwa ukoo mimi ni nyanya yako. Huku Juba tu wazima, na mbuzi amezaa.

Umeuliza kupima umbali kunafaa nini. Mwaka jana mpira wa kaka yangu Lado uliangukia penye vigingi vyekundu, kila kimoja kikionyesha pale bomu la ardhini lilipogunduliwa.

“Vimeachana hatua tatu tatu, dada. Napita katikati!” akasema, akaingia.

Nikatazama kigingi cha mwisho. Umbali wake na kigingi cha jirani haukulingana na mwingine wowote. Basi mabomu hayakupangwa. Yalitawanywa, na jingine lingeweza kuwa popote.

“Lado! Rudi ukikanyaga nyayo zako!”

Alirudi hatua kwa hatua. Mpira bado uko kule, naye hajaomba mwingine.

Nyanya yako,
Kiden