Mtani Uliyeniwekea Matanga Nikiwa Hai

Mtani wangu mpendwa, Mgogo usiye na haya,

Nimesikia umetangulia. Gadi wa treni ndiye aliyeniambia hapa stesheni ya Goweko, akinishika bega akidhani nitaanguka. Nikamwambia, "Mwongo wewe, Mgogo hafi kabla hajaomba chakula cha njiani." Akaapa. Basi nikakaa juu ya magunia ya karanga, nikacheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Kwenye maziko sikuwahi. Ndiyo maana nakuandikia mbele za watu, wasome wote.

Unanijua mimi ni mtu niliyetembea. Mkonge nimekata Tanga, Kigoma samaki wa migebuka wamenikoma, Mombasa nimevuka kwa feri nikiwa nimefunga tai. Shule niliiacha darasa la nne, mwalimu akiwa hana jipya la kunipa. Mtu kama huyo utamfundisha nini kuhusu mbwa?

Na mbwa mwenyewe alikuwa wangu! Tulipohamia kijiji cha ujamaa, kila kitu kilipanda lori isipokuwa mbwa. Niliporudi mahameni kuchukua kinu cha marehemu mama, nikamkuta amesimama mlangoni, anayumba, mate yanamtiririka. Mwingine angepanda mti. Mimi niliinama kumwamkia. Akanizamisha meno kwenye shavu la mguu. Nikasema basi, kanikasirikia tu kwa kumwacha. Zahanati wakasema hicho ni kichaa cha mbwa, niende Tabora mjini nikachomwe sindano za tumbo, kila siku moja, wiki mbili bila kuruka. Mke wangu akanipandisha treni, nikafikia kwako kwenye kota za reli.

"Karibu, Mnyamwezi," ulisema, ukiutazama mguu. "Babu zako walipopita Ugogo na pembe za ndovu, walitulipa hongo ndipo wakanywa maji. Wewe umeleta nini?"

"Nimeleta ustaarabu, mchunga mbuzi. Tazama viatu."

Nilikuwa nimevaa raizoni mpya, kisigino kama tofali, na suruali ya bugaluu inayofagia barabara. Ulivitazama viatu vile kwa jicho ambalo ningelielewa mapema, ningevificha.

Sindano zile, mtani! Tumbo liliota vinundu kama njugu mawe. Nesi akinichoma nilikuwa namsimulia habari za Mombasa ili asijue kwamba jasho linanitoka. Wewe ukawatangazia kota nzima kwamba nimelia nikimwita shangazi. Uongo. Nilimwita mama.

Kisha kidonda kikafunga. Mguu ukawa mzima, nacheza hata dansi. Nikawaza: tumbaku imeiva, mke wangu yuko peke yake, anachochea moto kwenye bani mchana kutwa majani yakauke, na mimi niko mjini natobolewa tumbo kwa ugonjwa ambao siuoni! Sindano zimebaki chache, na hizo wapewe wengine, ujamaa si ndio huo? Nikafunga kifurushi nikatoroka. Na kwa akili zangu zote nilizokusanya Tanga na Mombasa, nikatorokea stesheni, ambako ndiko ulikokuwa unafanya kazi.

Hukunisemesha. Ulivua kofia, ukajitupa chini mbele ya benchi langu, ukaangua kilio. "Oo, mtani wangu! Oo, umeniachia nani, Mnyamwezi wa watu!" Abiria wakazunguka. Bibi mmoja aliyeshika kuku akauliza, "Pole, mwanangu. Amefariki lini?"

"Wiki ijayo, bibi. Ndiye huyu aliyekaa hapa."

Yule bibi akanitazama, akaelewa kwamba ni utani, akatua kuku wake akapiga magoti akalia nawe. Wakaingia na wengine. Ukanivua raizoni miguuni, moja, ya pili. "Hivi ni haki ya mtani. Maiti havai viatu." Ningefanya nini? Mtani hapigwi, wala hashtakiwi. Treni ikaja, ikaondoka, mimi nimesimama peku, stesheni nzima inaniimbia nyimbo za matanga.

Tulirudi hospitali kwa miguu, wewe umevaa viatu vyangu, unajikwaa kama ndama. Hapo ndipo uliponiambia habari za mdogo wako, aliyeng'atwa kule kwenu, akaona kidonda kimepona, akaacha sindano akaenda kuchunga. Ulisema kwa sauti ndogo sana, "Nilimlilia wakati hasikii tena." Nikaingia ndani nikafungua shati.

Nikamaliza zote. Nikarudi Goweko kwa mke wangu, bani halikuungua, na tangu hapo Mungu ametupa watoto wawili zaidi, wote wanapenda kujisifu, sijui wameitoa wapi tabia hiyo.

Sasa nikupe habari. Hapa kijijini mtu aking'atwa na mbwa akaanza kukwepa sindano, mimi simhubirii. Namtafutia mtani. Mwezi uliopita kang'atwa mwenyekiti wetu, mzee mzito, amechomwa mara mbili tu, kajifungia ndani anasema ana kazi za chama. Nikamchukua Mgogo mmoja muuza chumvi, akajilaza mlangoni kwa mwenyekiti akaomboleza, akadai na baiskeli yake kabisa. Mzee alitoka anatukana huku anacheka, akapanda treni.

Jana amerudi, amemaliza zote. Alikuja moja kwa moja kwangu. "Hebu niambie, nani alikufundisha utovu huu wa adabu?"

"Mgogo mmoja wa reli. Amefariki."

Akavua kofia. "Basi Mungu amweke peponi," akasema, "lakini amweke mlango wa nyuma, asisumbue watu."

Nikaitikia amina, mtani, kwa niaba ya wote tuliobaki.

Lala salama.

Ni mimi mtani wako,
Mnyamwezi wa Goweko